Kutii ni bora kuliko dhabihu: nifundisheje wazee wapya kuhusu moyo wa kiongozi?

MamaSomo_Kibosho

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Naomba msaada wa wenye kulijua Neno. Mtaa wetu, huku juu ya Moshi upande wa Kibosho, umepata wazee wa kanisa wapya 14, nami nimepewa jioni tatu za kuwafundisha, kila jioni dakika 90. Kichwa cha somo nimepangiwa: utii na moyo wa kiongozi. Mstari wa msingi ni 1 Samweli 15:22.

Ninapokwama ni hapa. Mfalme Sauli alitii sehemu kubwa ya agizo la kuwaangamiza Waamaleki na mifugo yao yote. Alikwenda vitani, akapigana, akashinda. Daudi alizini na akaua mtu. Ukiwapima kwa mizani yetu ya kawaida, Daudi ndiye mkosaji mkubwa, lakini anayenyang'anywa ufalme ni Sauli. Wazee wataniuliza, na kuwajibu tu kwamba Mungu huutazama moyo hakutawatosha, maana moyo hauonekani na kila mtu anaweza kujitetea nao. Halafu sitaki somo liishie kwenye kuwaambia washarika wawatii viongozi wao. Na mpangilio wenyewe: nisome wapi, niulize nini, niache nini?

Mwl_Tengeru

Asifiwe, mama. Swali lako la kwanza ndilo zito, nianze nalo.

Moyo wa Sauli unaonekana, tena sura yenyewe inauonyesha kwa maneno ya kinywa chake. Wasomee sura yote ya 15, mistari 35, kwa sauti na bila kusimama kueleza. Kisha wape penseli na kazi moja: wapige mstari kila mahali panaposemwa nani alifanya nini. Mstari wa 9 mwandishi anasema waliomwacha hai Agagi, mfalme wa Waamaleki, na wanyama wanono ni Sauli na watu, wote pamoja. Mstari wa 15 Sauli anagawanya: waliowaacha kondoo wazuri ni "watu", walioangamiza wale wengine ni "sisi". Kwenye kosa hayupo, kwenye utii yupo. Waache wazee wagundue wenyewe, usiwatangulie.

Wakishaliona hilo, warudishe mstari wa 12 na 13. Kabla nabii Samweli hajauliza neno, Sauli anatangaza kwamba ameitimiza amri ya BWANA, na kondoo wanalia nyuma yake. Tayari alikuwa amejisimamishia ukumbusho huko Karmeli. (Hii ni Karmeli ya Yuda, kusini mwa Hebroni, si ule mlima wa Eliya. Wengi huchanganya.) Halafu wahesabu mara ngapi anasema "BWANA, Mungu wako" akizungumza na Samweli: mistari ya 15, 21 na 30. Hasemi "Mungu wangu" hata mara moja katika sura hiyo.

Sasa kondoo wenyewe. Wazee watasema, kwani kuna ubaya gani, si walikuwa wa dhabihu? Hapa usipite haraka. Kitu kilichowekwa wakfu kwa kuangamizwa kilikuwa cha Mungu tayari, hakuna mwanadamu aliyeweza kukitoa tena kama zawadi yake. Ni sawa na mtunza hazina wa mtaa achukue noti kutoka kwenye kapu la sadaka, azitie kwenye bahasha yenye jina lake, kisha apeleke mbele siku ya mavuno. Tena angalia aina ya sadaka anayoitaja. Ile ya kuteketezwa huisha yote motoni. Lakini dhabihu ya kuchinjwa, nyama yake sehemu kubwa huliwa na walioileta. Kitu kilichowekwa wakfu hakiliwi na mtu. Kwa hiyo kwa kuigeuza mifugo ile kuwa dhabihu, jeshi zima lilikuwa linajiandalia karamu. Ndiyo maana Samweli anauliza kwa nini ameyarukia mateka.

Kuhusu kukiri. Sauli anasema "nimefanya dhambi" mara mbili. Mstari wa 24 anaongeza kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao, na kwa kweli hilo ndilo neno la wazi kuliko yote aliyosema siku ile. Mstari wa 30 anasema tena amekosa, lakini aheshimiwe sasa mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Kwa wazee wa huku tumia mfano wa jani la sale, lile la kuombea msamaha. Aliyekosa akipeleka sale, analipeleka kwa yule aliyemkosea na anakubali kungoja jibu lake. Sauli anataka sale lake lionwe na wazee walioko uwanjani, yule aliyekosewa baadaye.

Daudi je? 2 Samweli 12:13. Kwa Kiebrania jibu lake ni maneno mawili tu, yaani "nimemfanyia dhambi BWANA". Hakuna "lakini", hakuna "watu". Ila tafadhali usimsafishe Daudi. Alificha jambo lile mpaka mtoto akazaliwa, na barua ya kumuua Uria, mume wa mwanamke yule, aliibeba Uria mwenyewe. Hakujileta, alijiwa. Tofauti kati ya wafalme hawa wawili iko katika saa ile neno lilipowafikia, kila mmoja alifanya nini nalo. Na matokeo hayakufutwa: mtoto alikufa, na upanga haukuondoka nyumbani mwake. Mzee asije akaondoka akidhani ukikiri vizuri unabaki na kiti na mambo yanaisha.

Kitu kimoja zaidi kitakusaidia wakiuliza kwa nini adhabu ya Sauli ni kali kwa kosa moja. Siyo kosa moja. Sura ya 13, pale Gilgali, alingoja siku 7, Samweli akachelewa, watu wakaanza kutawanyika, akatoa sadaka mwenyewe. Hapo alipoteza ufalme wa uzao wake. Sura ya 15 anapoteza wa kwake mwenyewe. Na sababu ya mara zote mbili ni ileile, hofu ya kuachwa na watu.

Mzee_wa_Machame

Mwalimu ameeleza vizuri sana. Mimi nataka kusema juu ya ile hofu yako ya pili, mama, kwa sababu ni ya haki na inaumiza makanisa mengi.

"Kutii ni bora kuliko dhabihu" ni neno lililosemwa kwa mfalme. Mwenye mamlaka kuliko wote katika nchi ndiye aliyeambiwa atii. Kulichukua na kuwageuzia washarika, ili wakubali kila kinachoamuliwa na baraza, ni kulipindua juu chini. Waonyeshe sura ya 14, iliyo ukurasa mmoja tu nyuma. Sauli ameapa kwamba atakayekula kabla ya jioni amelaaniwa. Yonathani mwanawe, ambaye hakusikia kiapo, ameonja asali. Sauli anataka auawe, na watu wanakataa. Mstari wa 45: wakamwokoa Yonathani, asife. Hakuna mahali andiko linapowalaumu kwa kumkatalia mfalme. Katika sura hizi mbili Sauli anawatisha watu pale anapopaswa kuwasikia, na anawasikia pale anapopaswa kuwazuia.

Mstari mwingine utakaotajwa, jiandae, ni ule wa kutomgusa masihi wa BWANA, yaani mfalme aliyepakwa mafuta. Soma 1 Samweli 24 yote. Daudi amekata upindo wa vazi la Sauli pangoni na moyo wake unamchoma kwa hilo tu. Hamuui. Lakini hanyamazi! Anatoka pangoni, anainama kifudifudi, kisha anamuuliza kwa sauti, huku mfalme ana watu wateule 3,000, kwa nini anasikiliza maneno ya watu. Heshima na swali vinatoka kinywani kimoja. Mzee wa kanisa anayetumia "masihi wa BWANA" kukataa kuulizwa hesabu ya mifuko ya saruji hajaisoma sura hiyo mpaka mwisho.

Na kuna neno la Kiswahili ambalo linakufanyia nusu ya kazi. Kwetu mtoto mtiifu tunamwita msikivu, na mkaidi tunasema hasikii. Kiebrania ni vilevile: kitenzi cha kusikia ndicho cha kutii, na katika 15:22 "kutii" na "kusikia" vinakaa pamoja. Sasa nenda 1 Wafalme 3:9, Sulemani anaomba. Biblia yetu inasema "moyo wa adili", lakini neno kwa neno ni moyo usikiao. Mfalme kijana anaomba masikio ndani ya moyo. Methali yetu inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Waulize wazee: na mkuu asiposikia, linavunjika guu la nani?

MamaSomo_Kibosho

Shikamoo mzee, na asante sana mwalimu. Penseli na kondoo nimevichukua.

Bado mawili. Kuna kijana mmoja kati ya hao 14, msomi, ataniuliza kuhusu Waamaleki: Mungu anaamuruje watoto wauawe, na leo kiongozi akisema Mungu amemwambia jambo la namna hiyo tufanyeje? Na naomba mpangilio wa jioni tatu.

Mchungaji_Mstaafu_Arusha

Nianze na la kijana, kwa ufupi. Usimzime na usimdanganye. Mwambie ni moja ya sura ngumu kuliko zote na kwamba waamini wamelia nayo kwa vizazi vingi. Mpe mazingira: Kutoka 17 na Kumbukumbu la Torati 25:17-19, Waamaleki waliwapiga waliochoka nyuma ya msafara. Kisha mwambie jambo ambalo halina mjadala: agizo lile lilikuwa la vita ile, kwa mfalme yule, kwa kinywa cha nabii aliyejulikana toka Dani mpaka Beer-sheba. Hakuna kiongozi wa leo anayeweza kuliazima. Atakayesema Mungu amemtuma kumdhuru mtu, baraza halina haja ya kuomba siku tatu ili kupata jibu. Mpe dakika 10 kwa hilo, kisha uendelee. Ukimpa 40, somo lako limekwisha.

Mpangilio. Jioni ya kwanza, Sauli, kama mwalimu alivyoeleza, lakini kabla ya kusoma tumia dakika 5 kueleza neno "moyo". Hili likikosewa, jioni zote tatu zinapotea. Sisi tukisema moyo tunafikiria hisia: moyo umeniuma, sina moyo huo. Katika Agano la Kale moyo ni mahali pa kuwaza, kukumbuka na kuamua, karibu na tunavyosema nia na akili kwa pamoja. Usipolieleza, mzee atasema "moyo wangu uko sawa" akimaanisha anajisikia vizuri.

Kazi ya nyumbani ya jioni ya kwanza: waandike kwa mkono Kumbukumbu la Torati 17:14-20. Ni mistari 7 tu. Mfalme aliamriwa ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, na sababu imetajwa palepale: moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Kabla ya hapo amekatazwa vitu vitatu, asijizidishie farasi, wake, wala fedha na dhahabu. Waambie wakimaliza wafungue 1 Wafalme 10 na 11 waone Sulemani alivyovipita vyote vitatu: dhahabu talanta 666 kwa mwaka mmoja, farasi kutoka Misri, wake 700 na masuria 300. Yule aliyeomba moyo usikiao! Usieleze zaidi, waache walale nayo.

Jioni ya pili wape Amazia, mfalme wa Yuda, 2 Mambo ya Nyakati 25, mistari 28. Watu hawamjui, na ndiye atakayewagusa zaidi, kwa sababu alitii. Mstari wa 2 unasema alifanya yaliyo mema machoni pa BWANA, ila si kwa moyo kamili. Gawa sura vipande vitatu. Mstari wa 3 mpaka 4: anawaua waliomuua baba yake lakini anawaacha watoto wao, kwa sababu torati imesema hivyo. Utii safi. Mstari wa 5 mpaka 13: amekodi askari 100,000 wa Israeli kwa talanta 100 za fedha, mtu wa Mungu anamwambia awarudishe, naye anauliza swali ambalo kila mtunza hazina analielewa: na zile talanta 100 nilizokwisha kutoa, nifanyeje? Anajibiwa kwamba BWANA aweza kumpa zaidi sana kuliko hizo. Anatii, anakula hasara. Tena hasara inaongezeka, maana wale askari walipokuwa wanarudi kwao wamekasirika, waliipiga miji ya Yuda wakaua watu 3,000. Simama hapo muda mrefu. Wengi tumefundishwa kwamba ukitii mambo yananyooka siku ileile. Hapa mfalme ametii na raia wake wamekufa njiani.

Kipande cha tatu, mstari wa 14 na kuendelea: ameshinda Edomu, anarudi na miungu ya Seiri, anaisujudia. Miungu iliyoshindwa kuwaokoa wenyewe! Nabii anapomjia safari hii, jibu linabadilika: nani amekufanya kuwa mshauri wa mfalme? Nyamaza, usije ukapigwa. Halafu anamchokoza Yoashi, mfalme wa Israeli, anapigwa Bethshemeshi, na ukuta wa Yerusalemu unabomolewa dhiraa 400. Waulize: kati ya mstari wa 9 na mstari wa 16 kilibadilika nini? Watakuja na majibu ya kila namna. Linalofaa kusikika ni kwamba katikati pana ushindi. Uzia, mwanawe, ni hadithi ileile sura inayofuata, alipokuwa na nguvu moyo wake ukatukuka.

Mfano wa kuwapa jioni hiyo ni mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kwani Mithali 21:1 inaufananisha moyo wa mfalme na mifereji ya maji mkononi mwa BWANA. Mtu wa Kibosho anajua mfongo haukauki kwa siku moja. Majani yanaingia banioni, tope linajaa kidogo kidogo, maji yanaendelea kupita juu, kila mtu anasema mfongo mzima. Siku ya mvua kubwa ndipo maji yanapasua kingo na kwenda shambani kwa jirani. Amazia alikuwa na maji yanayopita.

Yanayoharibu masomo ya namna hii nimwambie mama mapema. La kwanza ni kumsema kiongozi asiyekuwepo. Mara tu mtu akianza "kuna mzee mmoja zamani hapa kwetu", mrudishe kwenye mstari. La pili ni kuwalazimisha wakiri mbele ya wenzao. Watakiri vitu vyepesi, "huwa sina subira", na utakuwa umewafundisha kufanya kama Sauli, kukiri kwa ajili ya wazee. Wape kimya cha dakika 3 badala yake. La tatu, jioni ikifika saa moja na nusu, aliyefika na njaa kutoka shambani hasikii tena. Chai iwe mwanzoni.

Mwl_Tengeru

Mchungaji, naomba niongeze jioni ya tatu, maana hukuifikia.

Chukua baba na mwana, wafalme wa Yuda: Yosia na Yehoyakimu. 2 Wafalme 22 na Yeremia 36. Yosia, mwaka wa 18 wa kutawala kwake, yaani ana miaka 26 hivi, anasomewa kitabu cha torati na Shafani mwandishi. Anararua mavazi yake. Hulda nabii anamletea neno kwamba moyo wake ulikuwa mwororo, akanyenyekea. Miaka inapita, mwanawe ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, mwezi wa tisa, moto unawaka mbele yake. Anasomewa gombo la Yeremia. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote linaisha. Kiebrania kinatumia kitenzi kilekile cha kurarua kwa mavazi ya baba na kwa gombo la mwana, na Yeremia 36:24 inasema wazi kwamba mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala kurarua mavazi yao. Kati ya watatu waliomsihi asilichome yumo Gemaria, mwana wa Shafani. Baba alisoma, mwana alisihi.

Kwa wazee hawa, swali la jioni ya tatu liwe la kazi yao hasa. Msharika amekuja na daftari, anasema hesabu ya mavuno haijakaa sawa. Baraza linafanya nini katika dakika 10 za kwanza? Waandike majibu kwenye karatasi bila majina, uyasome yote. Wapo watakaoandika kwamba aulizwe kwanza ametumwa na nani. Hilo ndilo swali la Amazia mstari wa 16, na wengi hawataligundua mpaka uyaweke mawili hayo pamoja.

Baada ya hapo waonyeshe nini kilimpata nabii Nathani, ukimlinganisha na wengine waliowakemea wafalme. Hanani alimkemea mfalme Asa, akatiwa gerezani. Zekaria alimkemea Yoashi wa Yuda, akapigwa mawe katika ua wa nyumba ya BWANA. Nathani alimwambia Daudi "wewe ndiwe mtu huyo", na miaka mingi baadaye, 1 Wafalme 1, bado anaingia chumbani kwa mfalme bila woga. Katika 1 Mambo ya Nyakati 3:5 mmoja wa wana wa Daudi kwa Bathsheba anaitwa Nathani. Biblia haisemi kama alipewa jina la nabii, kwa hiyo usilifanye fundisho, ila litaje, wazee wakae nalo.

MamaSomo_Kibosho

Mungu awabariki. Yeremia 36 niisome yote? Ni ndefu, na taa za ukumbini ni hafifu.

Mwl_Tengeru

Hapana, mama. Eleza mwanzo kwa mdomo, kisha soma mstari wa 20 mpaka 26 tu. Chapisha kwa herufi kubwa, karatasi moja kwa watu wawili ili waisome pamoja. Ukifika 26 simama, uliza swali la daftari. Mstari wa 32, kwamba gombo liliandikwa upya na maneno mengi yakaongezwa, usome mwisho kabisa, karatasi zao zikishakusanywa.